Taa Katika Kidole cha Mgonjwa

Kidole cha shahada kinapobanwa na kile kifaa kidogo cha plastiki ambacho wengi hukiita tu kipimo cha oksijeni, na ambacho kitaalamu hujulikana kama oksimita, ncha yake huwaka wekundu, na mwili wa mwanadamu, uliozoea kujificha nyuma ya ngozi, huonekana kwa muda kuwa ni kitu kinachopitisha mwanga. Hakuna sindano iliyochoma wala tone lililomwagika; zipo taa mbili upande mmoja wa kidole na jicho la kielektroniki upande wa pili, na katikati yake ipo nyama, upo mfupa, na ipo damu inayokuja na kuondoka kila moyo unapopiga. Taa ya kwanza ni nyekundu, yenye mawimbi ya urefu wa takribani nanomita 660, na ya pili ni ya infraredi, takribani nanomita 940, ambayo jicho la binadamu haliioni. Himoglobini, yaani ile protini ya damu inayobeba oksijeni, hufyonza mwanga mwekundu kidogo inapokuwa imejaa oksijeni na hufyonza mwingi inapoikosa, ilhali kwa mwanga wa infraredi mambo huwa kinyume. Kwa hiyo anayejua mwanga ulioingia na uliotoka anaweza kukadiria damu imebeba shehena kiasi gani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na hapa mlango hufunguliwa kwa mwanga tu.

Aliyeufungua hakuwa akitafuta mlango huo. Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani aliyezaliwa Niigata mwaka 1936 na kuajiriwa na kampuni ya Nihon Kohden mjini Tokyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa njia ya kuingiza rangi mshipani na kufuatilia namna inavyofifia, akitumia taa iliyobandikwa sikioni. Mstari wa kufifia kwa rangi ulimjia umejaa mawimbi madogo ya mapigo ya moyo, yakamharibia hesabu, naye akayahesabu kuwa ni usumbufu wa kuondolewa. Katika kuhangaika kuyaondoa alitumia mianga miwili ili usumbufu wa mmoja ufute wa mwingine, akagundua kwamba kufutana huko huvurugika pale oksijeni ya damu inapopungua. Kumbe mawimbi aliyoyaona takataka ndiyo yaliyobeba habari, kwa sababu kinachodunda ndani ya kidole ni damu ya ateri, ile iliyotoka mapafuni punde, na vingine vyote, yaani nyama, mfupa na ngozi, vimetulia. Ukitenga kinachodunda ukaacha kilichotulia, umeipata damu peke yake. Wazo hilo aliliwasilisha hadharani mwaka 1974, na alifariki Aprili 2020, katika majuma yale yale ambayo kifaa kilichotokana na usumbufu wake kilikuwa kikitafutwa kila pembe ya dunia kwa sababu ya UVIKO-19.

Kisa hicho kina utamu wake, lakini kina swali pia ambalo watengenezaji wa vifaa vya kuvaliwa bado hawajalimaliza. Kila kifaa cha kumpima mgonjwa, kabla hakijapima chochote, kimekwisha kuamuliwa na mtu fulani mezani kwake lipi ni habari na lipi ni usumbufu, lipi lihifadhiwe na lipi lichujwe, na uamuzi huo hufungiwa ndani ya plastiki pamoja na betri, usionekane tena. Aoyagi alipata bahati ya kukosea na kuugundua ukweli ndani ya kosa. Wengine hukosea, na kosa likauzwa madukani.

Wazo la kumpima mtu akiwa kwake, katika shughuli zake, lina umri mkubwa kuliko simu za mkononi na intaneti. Norman Holter, Mmarekani wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, mwishoni mwa miaka ya 1940 alibeba mgongoni mtambo wa redio wa kilo zipatazo 38 ili umeme wa moyo wake uweze kusomwa kwa mbali huku akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Kufikia mwaka 1961, alipoueleza ulimwengu wa sayansi njia yake mpya ya kuuchunguza moyo, mzigo ule ulikuwa umepungua hata ukaweza kubebwa na mtu anayekwenda kazini. Hoja yake ilikuwa nyepesi na bado haijapata jibu: moyo wa mtu aliyelazwa chali katika chumba cha daktari si moyo wa mtu anayepanda ngazi, anayegombana na jirani au anayeota usiku, na anayetaka kuujua moyo lazima aufuate unakoishi. Leo kilo 38 zimekuwa kibandiko kifuani, pete kidoleni, bangili mkononi. Kihisi, yaani kile kipande kinachogeuza joto, mwanga au mwendo kuwa umeme unaohesabika, kimepungua hata hakizidi punje ya mchele, na jambo lililobaki gumu si udogo tena.

Jambo gumu ni nyumba. Mgonjwa anapopewa ruhusa hospitalini hatoki mahali pa kuangaliwa kwenda mahali pasipo na mtu wa kumwangalia, ingawa vifaa vingi huuzwa kwa dhana hiyo. Hutoka kwa waangalizi wa aina moja akaingia mikononi mwa waangalizi wa aina nyingine. Mama, shangazi, binti, mke wa kaka, jirani wa ukuta wa pili, wote hao wana vipimo vyao, na vipimo hivyo si vya kubeza. Aliyeuguza anajua kwamba mgonjwa aliyeomba maji ya kuoga mwenyewe amepiga hatua. Kwamba aliyeanza kulalamika chumvi imezidi amerudi duniani. Kwamba aliyekuwa mcheshi akanyamaza ghafla huku akisema hajambo, huyo hafai kuachwa peke yake usiku. Ndiyo maana husemwa mgonjwa haulizwi uji, kwa kuwa anayemuuguza haswa hangoji kuambiwa, husoma. Mhandisi akiingia katika nyumba kama hiyo na bangili yake akidhani ameleta macho mahali palipokuwa na giza, ameanza vibaya, kwani macho yalikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kuyafikisha yaliyoonekana usiku kwa daktari aliye umbali wa kilomita 40, na namna ya kuyaona yale ambayo hata macho ya mama hayafiki.

Chukua goti. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti hufuatiliwa nyumbani kwa kihisi cha mwendo, ambacho huhesabu hatua na kulinganisha za leo na za jana, na mstari ukipanda husemwa kwamba anapona. Kipimo hicho kinafaa sana kwa mtu ambaye kupona kwake ni kutembea hadi kituo cha basi na kurudi. Lakini mzee wa Unguja aliyezoea kukaa mkekani, anayetumia choo cha kuchuchumaa na anayesali sala tano, kupona kwake kuna ngazi ambazo mhesabu wa hatua hazioni: siku aliyoweza kukaa chini bila kushikwa, siku aliyochuchumaa akainuka mwenyewe, na ile siku ambayo, baada ya majuma ya kusali juu ya kiti kama dini inavyomruhusu mgonjwa, paji lake la uso liligusa tena mkeka katika sijida. Hatua zake siku hiyo huenda zikawa chache kuliko za jana, na mstari ukashuka. Kihisi chenyewe kina uwezo wa kuitambua sijida, maana ni badiliko la wazi la mlalo wa mwili lenye mpangilio usiokosewa. Hakikuitambua kwa sababu hakuna aliyekiagiza kuitafuta, ikachujwa pamoja na usumbufu mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkeka usioukalia hujui goti linadaiwa nini.

Chukua pia mzazi aliyejifungua siku nne zilizopita, akarudi nyumbani kuianza arobaini yake. Pwani mzazi huyo hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hazungukwi na watu wachache. Tuseme alipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na amerudi na upungufu wa damu ambao bado haujagundulika. Oksimita ikiwekwa kidoleni mwake itaonesha 99, nayo haitakuwa imedanganya, kwa maana inachokisema ni kwamba katika himoglobini iliyopo, asilimia 99 imebeba oksijeni. Haisemi kama himoglobini yenyewe ni nyingi au kidogo. Asilimia haielezi wingi. Magari yaliyojaa abiria yanaweza kuwa mia moja au matatu. Katika hali hiyo linalofaa kutazamwa ni mapigo ya moyo, ambayo hupanda kwa sababu moyo hujitahidi kuizungusha haraka damu kidogo iliyobaki. Na mkunga aliyekaa karibu atatazama weupe wa ndani ya kope na viganja, atasikiliza malalamiko ya kizunguzungu mzazi anapoinuka, na atauliza kuhusu damu inayotoka. Kifaa kinachoonesha namba moja tu, tena yenye rangi ya kijani kwa kuwa ni kubwa, kinaweza kuituliza nyumba isiyostahili kutulia. Inafaa kusemwa bila kuzunguka kwamba utulivu wa uongo ni madhara, sawa na dawa iliyotolewa isiyohusika.

Kisha ipo ngozi. Hesabu ya Aoyagi ilisimama juu ya msingi kwamba ngozi haidundi na kwa hiyo hujifuta yenyewe, iwe nyeupe au nyeusi. Kwa karatasi hoja hiyo ni nzuri. Kwa mwili, melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye damu, tena hufyonza zaidi kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi, na taa za oksimita si za wimbi moja safi kama hesabu inavyodhani. Matokeo yake ni kwamba katika ngozi nyeusi, hasa oksijeni inaposhuka, kifaa huelekea kusoma juu kuliko hali halisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliyaandika hayo mwaka 2005. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika jarida la The New England Journal of Medicine kwamba, kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni ya damu ya ateri ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Karibu mara tatu. Wagonjwa hao walikuwa hospitalini, ambako damu inaweza kuchotwa na kupimwa upya. Aliye nyumbani na namba yake hana wa kumkosoa.

Namna kosa hilo lilivyodumu si fumbo. Vifaa hivi hujaribiwa kwa vijana wenye afya njema wanaovutishwa hewa iliyopunguzwa oksijeni huku damu yao ikichotwa na kulinganishwa na namba ya kifaa. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ulitaka washiriki wasiopungua 10, na wenye ngozi nyeusi miongoni mwao wawe angalau wawili au asilimia 15 ya wote, kwa kufuata ile iliyo kubwa. Wawili! Na hao wawili walichanganywa na wengine wanane katika wastani mmoja, wakamezwa. Mamlaka hiyo hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo mpya Januari 2025, inayotaka washiriki wengi zaidi na kuipima rangi ya ngozi kwa uangalifu zaidi. Bangili na saa nyingi za mkononi zina tatizo la ziada, kwa kuwa husoma mapigo kwa taa ya kijani inayorudishwa na ngozi badala ya kuipenya, na kijani ni wimbi fupi kuliko jekundu, kwa hiyo melanini hulifyonza kwa hamu zaidi. Kwa Afrika Mashariki, ambako ngozi nyeusi ndiyo ngozi, kinachoitwa tahadhari kwa wachache katika vijitabu vya maelekezo ni hali ya kawaida ya kila mnunuzi.

Tena vidole vya huku vina mapambo yao. Bibi harusi wa Mombasa, au mzazi aliyetoka arobaini akapambwa, huwa na vidole vilivyochorwa hina na mara nyingi kucha na ncha zilizopakwa piko, ile rangi nyeusi inayotumika pia kupaka nywele. Madaktari wa usingizi wamekwisha kuandika kwamba hina nyekundu ya kawaida haileti taabu kubwa, lakini ile nyeusi huweza kuzuia mwanga hata kifaa kikakosa cha kusoma, kama ilivyo kwa rangi nzito za kucha. Dawa yake si kumzuia mtu asijipambe. Sikio lipo, na lilikuwa mahali pa kwanza pa taa hizi. Kidole cha mguu kipo. Paji la uso lipo. Aliyeamua kwamba kifaa lazima kikae kwenye ncha ya kidole hakuwa na bibi harusi wa Mombasa akilini.

Pwani watu wamevaa vitu vya kulinda mwili tangu zamani, na mtoto mchanga aliyefungwa hirizi bado huonekana. Hirizi huaminiwa kwamba huzuia. Kifaa cha kielektroniki, kwa gharama yake yote, hakizuii kitu, huarifu tu, na habari isiyo na mpokeaji imepotea. Uingereza ilipoanzisha Novemba 2020 mpango wa kuwapelekea wagonjwa wa UVIKO-19 oksimita nyumbani, kilichopelekwa pamoja na kifaa kilikuwa utaratibu: asilimia 95 na kuendelea, tulia, 93 au 94 ikijirudia, piga simu kwa daktari, 92 au chini yake, ita gari la wagonjwa au nenda hospitali mara moja. Namba zile zilikuwa na maana kwa sababu nyuma ya kila moja palikuwa na simu inayopokewa na gari linalokuja. Zikihamishwa zilivyo zikapelekwa Nyahururu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na oksijeni ya damu ya mtu mzima wa afya huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa London, zitaanza kuwaita wazima wagonjwa. Na zikipelekwa mahali ambapo saa nane za usiku usafiri ni bodaboda ya jirani kama itapatikana, umeme wa LUKU umekatika, bando la simu limeisha na zahanati imefungwa, kengele italia ndani ya nyumba kisha itazimwa na mtu anayetaka kulala. Kengele iliyolia mara tatu bure haisikilizwi mara ya nne. Wauguzi wa wodi za wagonjwa mahututi wanaujua uchovu huo, na familia huufikia haraka kuliko wao.

Suala la siri nalo lina pande mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifaa hakifichi. Lakini kinafichua kwa nani? Mapigo ya moyo ya mwanamke, joto lake na usingizi wake, vikisomwa kwenye simu ya mume, ya wifi au ya kampuni iliyo nchi nyingine, vimetoka mikononi mwake, na ridhaa aliyoitoa kwa kubonyeza kitufe akiwa na maumivu ni ridhaa nyembamba.

Wapo walioanza mahali panapofaa. Kampuni ya Neopenda, iliyoanzishwa na wahandisi waliosoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliziangalia wodi za watoto wachanga za Uganda, ambamo muuguzi mmoja ana watoto wengi kuliko macho yake, ikatengeneza neoGuard, kifaa kinachokaa kwenye paji la uso la kichanga na kusoma mapigo, pumzi, joto na oksijeni. Kazi hiyo ni ya wodini, haijafika nyumbani, lakini ilianza na ngozi, paji na muuguzi wa mahali husika, si na kidole cha kufikirika. Wanaobuni vifaa vya nyumbani Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wasidai chini ya hapo: wavijaribu kwanza kwa ngozi zitakazovivaa, waandike kwenye boksi vimejaribiwa kwa watu wa rangi gani na wangapi, na kabla ya kupanga namba ya kengele wamtaje mhudumu wa afya ngazi ya jamii atakayeipokea. Na msomaji mwenye kipimo hicho kabatini akitumie hivi: aondoe piko na rangi ya kucha au abadili kidole, aupashe joto mkono uliopoa, amkalishe mgonjwa atulie, asubiri namba isimame kwa dakika nzima, aiandike pamoja na saa, alinganishe na ya jana. Namba ikisema 96 na mgonjwa anahema kwa shida, hamalizi sentensi au midomo imebadilika rangi, ampeleke hospitali.